Picha ya Unyayo Inamfikia Nani?

Kama hapo nyumbani yupo mtu mwenye kisukari, naomba mwite aje karibu na redio. Akae kitini au ajinyooshe kitandani, avue viatu na soksi, kisha afumbe macho. Wewe mwenzake tumia ncha ya kidole chako cha shahada. Mguse kidole gumba cha mguu wa kulia, taratibu, kwa sekunde moja au mbili tu. Usibonyeze, usikune, usitekenye. Akihisi, aseme "kulia". Kisha gusa kidole kidogo cha mguu huo huo. Hamia mguu wa kushoto, gumba na kidole kidogo, naye aseme "kushoto". Malizia na kidole cha kati cha kulia, halafu cha kati cha kushoto. Ni vidole sita basi, na kila kimoja kiguswe mara moja tu. Ukigusa asipohisi, usirudie, endelea na kinachofuata.

Kama kuna vidole viwili au zaidi ambavyo hakuvihisi, miguu hiyo ina ganzi, na mwenyewe anapaswa kuonwa kliniki bila kungoja tarehe yake ya kawaida. Kipimo hiki kilibuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, na Dakta Gerry Rayman na wenzake, wakakichapisha mwaka 2011. Walikilinganisha na vifaa vya hospitali, kikaonekana cha kuaminika. Hakihitaji umeme wala fedha, na mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya.

Nimeanza na kidole kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanahusu simu ya mkononi, na sitaki mtu adhani kwamba bila simu ya gharama hakuna la kufanya. Leo nazungumzia simu na mguu wa mwenye kisukari: picha, vipimo vya joto, ujumbe mfupi, na programu zinazotengenezwa huku na huko duniani kwa ajili ya kuchunga miguu hiyo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Simu inaweza kuokoa miguu mingi katika nchi zetu, lakini kwa sharti moja: picha ikitumwa, awepo mtu wa kuipokea. Mtu mwenye jina, mwenye zamu inayojulikana, na mwenye mamlaka ya kumwambia mgonjwa, "Njoo kesho asubuhi, nitakungoja." Asipokuwepo mtu huyo, simu itatuonyesha kidonda kikikua, na mwisho mguu utakatwa vilevile.

Tuone kwanza kwa nini ni mguu. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu ndiyo huathirika mapema, na mirefu kuliko yote ni ile inayofika vidoleni miguuni. Ndiyo maana ganzi huanzia huko, ikapanda kidogo kidogo hadi kwenye kifundo na muundi. Mishipa hiyo hiyo ndiyo inayoamuru jasho kutoka, kwa hiyo ngozi ya mguu hukauka na kisigino kuota magaga. Misuli midogo ya mguu nayo hulegea, vidole hujikunja, na uzito wa mwili huangukia sehemu ambazo hazikuumbwa kuubeba. Pale panapobanwa, ngozi hujenga sugu. Sugu inaendelea kukandamiza nyama iliyo chini yake, damu inavia ndani, na siku moja panapasuka. Ongezea hapo mishipa ya damu iliyosinyaa, na utaelewa kwa nini kidonda hicho hakikauki upesi.

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Ukikanyaga msumari, ndiye anayekuzuia usiukanyage tena. Mwenye ganzi hana mlinzi huyo. Anaweza kutembea kutwa nzima na kokoto ndani ya kiatu, akarudi nyumbani, akaoga, akala, akalala, asijue lolote. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dakta Zulfiqarali Abbas, walichapisha ripoti kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini, kwa sababu hawakuhisi meno yale. Hilo limetokea mjini, katika nyumba kama zetu. Ndani ya mitaa yetu hatari za namna hiyo ni nyingi: panya, maji ya moto ya kuloweka miguu ambayo mtu hakuyajaribu kwa kiwiko, jiko la mkaa lililosogezwa karibu wakati wa baridi, lami ya saa saba mchana kwa mtu aliyekatikiwa na ndala njiani.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa watu wazima milioni 537 duniani wanaishi na ugonjwa huu, milioni 24 kati yao wakiwa katika kanda yetu ya Afrika, na kwamba katika kanda hii zaidi ya nusu hawajui kama wanao. Wataalamu wa miguu nao wanakadiria kwamba katika kila watu 100 wenye kisukari, kati ya 19 na 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao. Na kidonda kikishapona, mambo hayajaisha: katika kila watu 100 waliopona, karibu 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mguu uliowahi kuwa na kidonda ni wa kuchungwa maisha yote. Hakuna hospitali inayoweza kumwona kila mtu wa namna hiyo kila siku. Nyumbani ndiko mguu unakoshinda na kulala, na nyumbani ndiko simu iliko.

Basi simu inaweza nini hasa? Nianze na jambo jepesi kuliko yote, yaani picha.

Tuseme ni Ijumaa alasiri. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mwanga unaingia kwa ubavuni, na miguu yake ameinyoosha juu ya kigoda kilichotandikwa kanga safi yenye rangi moja iliyotulia. Mjukuu anafuta kwanza kioo cha kamera, maana mafuta ya vidole hufanya picha yote iwe na ukungu. Anazima mweko, kwa sababu mwanga mkali wa simu hung'arisha ngozi na kuficha mipasuko. Anashika simu wima mbele ya unyayo, si kwa pembeni, akiuacha mguu mzima uonekane kuanzia vidole hadi kisigino. Anapiga unyayo wa kulia, unyayo wa kushoto, juu ya mguu, halafu anatenganisha vidole kimoja kimoja na kupiga katikati yake, mahali ambapo unyevu hujificha na fangasi huanzia. Akiona alama yoyote, anaweka rula kando yake, bila kuigusa, ndipo anapiga, ili ukubwa ujulikane. Wiki ijayo, kiti kile kile, mlango ule ule, saa ile ile. Kisha wanaziweka picha za wiki mbili sambamba na kuulizana: kuna kilichobadilika?

Kazi hiyo haimalizi robo saa, na faida yake ya kwanza ni kwamba bibi mwenyewe anauona unyayo wake. Watu wengi wazima hawajauona unyayo wao kwa miaka. Goti haliinami, mgongo unakataa, na macho yenyewe sukari imeshayapunguza nguvu. Kwa anayeishi peke yake wapo waliokwishafikiria. Nchini Australia watafiti walitengeneza programu ya simu iitwayo MyFootCare, ambayo mgonjwa huilaza simu sakafuni, huuleta mguu juu yake, na simu humwelekeza kwa sauti mpaka unyayo ukae sawasawa ndipo ipige picha.

Hata hivyo picha ina mipaka, na mipaka hiyo isemwe hadharani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Jaap van Netten, ambapo wataalamu waliombwa kupima vidonda vya miguu kwa kutazama picha za simu peke yake. Hawakukubaliana vya kutosha wao kwa wao, wala na aliyemwona mgonjwa ana kwa ana. Si ajabu. Picha haina harufu. Haionyeshi kina cha kidonda wala kama kimefika mfupani. Haisemi kama mapigo ya damu mguuni yapo. Kwa hiyo tusiiombe picha itoe jina la ugonjwa au dawa. Tuiulize swali dogo ambalo inaliweza: mtu huyu aje leo, au aendelee kungoja siku yake ya kliniki? Muuguzi mzoefu akiona picha ya wiki hii kando ya ile ya wiki iliyopita, ana nafasi nzuri ya kulijibu swali hilo.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi zaidi. Kila mwongozo wa miguu unamwambia mgonjwa aangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Mara nyingi ngozi yetu ikipata uvimbe wa ndani huonekana imezidi weusi, au inameta, au imekuwa na rangi ya zambarau, na wakati mwingine haibadiliki kabisa kwa macho. Sasa kuna programu zinazofunzwa kutambua vidonda zenyewe, bila daktari. Moja ya hazina kubwa za picha zilizotumika katika kazi hiyo, iliyoandaliwa na Moi Hoon Yap na wenzake wa Manchester, ilitokana na wagonjwa wa hospitali za Lancashire, Uingereza. Ni kazi nzuri na ya heshima. Lakini programu huelewa kile ilichoonyeshwa. Kabla ya wizara yoyote ya Afrika Mashariki kununua programu ya namna hii, iulize kwanza: imejaribiwa kwa miguu mingapi yenye rangi ya watu wetu? Na hospitali zetu zenye vidonda vingi hivi, kwa nini zisiwe na hazina yake ya picha, iliyokusanywa kwa ridhaa ya wagonjwa?

Joto, kwa upande wake, halichagui rangi. Hapa ndipo tunapofika kwenye sehemu yenye ushahidi mzito zaidi. Kabla kidonda hakijapasuka, nyama iliyokandamizwa huwa tayari inachemka kwa ndani. Daktari Paul Brand, aliyetibu watu wenye ukoma huko Vellore, India, na baadaye Carville nchini Marekani, alionyesha kwamba vidonda vya wagonjwa wale vilitokana na majeraha ambayo hawakuyahisi, na akawa akitafuta kwa joto la ngozi mahali palipokaribia kuumia. Wazo hilo likahamia kwenye kisukari. Wagonjwa wakapewa vipima joto, wapime kila siku sehemu sita za kila mguu: kidole gumba, sehemu tatu za unyayo chini ya vidole, katikati ya unyayo, na kisigino. Kisha walinganishe mguu kwa mguu. Kama sehemu moja imezidi mwenzake kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi au zaidi, siku mbili mfululizo, mgonjwa apunguze kutembea na amwite muuguzi.

Mwaka 2007 Lawrence Lavery na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya watu 173 waliokwisha kupata kidonda hapo nyuma. Katika miezi 15, waliopima joto walipata kidonda kipya asilimia 8.5, wakati makundi mawili yasiyopima yalifika karibu asilimia 30. Baadaye kikaja kizulia cha kukanyaga nyumbani, SmartMat, ambacho hupima nyayo kwa muda mfupi na kutuma matokeo chenyewe kwa mtandao wa simu. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kizulia hicho kilibaini asilimia 97 ya vidonda, wastani wa siku 37 kabla havijajitokeza. Siku 37, msikilizaji, ni zaidi ya mwezi wa kukiwahi kidonda ambacho bado hakijaonekana. Ila asilimia 57 ya watu waliobaki salama nao walionekana na kizulia kuwa hatarini. Hiyo ina maana simu nyingi za kupokea na watu wengi wa kutuliza, na hapo tunarudi kwenye swali lile lile la nani anapokea.

Msikilizaji wa kawaida hatanunua kizulia hicho. Lakini tangu mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, vipima joto visivyogusa ngozi vilijaa kwenye milango ya benki, shule na ofisi, na vingi sasa vimelala makabatini. Vingine vina kitufe cha kuchagua kati ya mwili na uso wa kitu. Kwa mguu chagua uso wa kitu, kwa sababu hali ya mwili imetengenezwa kwa paji la uso na inaweza kukataa kabisa kusoma ubaridi wa unyayo. Muonyeshe muuguzi wako kifaa hicho kabla ya kukitegemea. Kama huna kifaa, tumia mgongo wa mkono wako: pitisha kwenye unyayo wa kulia, kisha wa kushoto, mahali pale pale. Si sahihi kama kipima joto, ila mahali penye moto wa wazi utapajua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana tumefika kwenye kiini. Uholanzi walifanya utafiti kama huo kwa watu 304, wakautoa mwaka 2021. Kwa jumla, kupima joto nyumbani peke yake hakukutosha kuonyesha tofauti ya uhakika. Lakini waliopima, wakaona joto limepanda, kisha wakapunguza kutembea kweli, hao walinufaika. Kule Lima, Peru, wagonjwa wote walipewa kipima joto cha nyayo, na baadhi wakaongezewa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha. Ujumbe huo haukupunguza vidonda. Somo ni moja: kipimo hakiponyi na kikumbusho hakiponyi. Kinachookoa mguu ni hatua inayochukuliwa baada ya hapo. Mama muuza samaki anayeambiwa na simu yake apumzishe mguu siku tatu, atawalisha nini watoto siku hizo? Asipopata mtu wa kuzungumza naye, wa kumtafutia kiatu au namna ya kuuza akiwa amekaa, ataufuta ujumbe na kwenda sokoni.

Mfano wa upande wa pili uko Norway. Huko utafiti uliwahusisha wagonjwa 182 wenye vidonda. Kundi moja lilihudumiwa na wauguzi wa mtaani na kufuatiliwa kwa simu na picha zilizotumwa kwa muuguzi bingwa wa hospitali, jingine kwa kwenda hospitali kama kawaida. Matokeo yakatolewa mwaka 2018. Muda wa kupona haukuwa mrefu zaidi, na waliokatwa kiungo walikuwa asilimia 6.4 kwa waliofuatiliwa kwa simu, dhidi ya asilimia 14.8 kwa wengine. Nani alikuwa upande wa pili wa simu? Muuguzi aliyejulikana, mwenye muda uliotengwa kwa kazi hiyo. Nasema pia kwamba Denmark, mwaka 2015, utafiti unaofanana na huo haukuona tofauti katika kupona wala kukatwa, na waliofariki walikuwa wengi zaidi upande wa waliofuatiliwa kwa mbali, bila sababu kujulikana. Kwa hiyo simu isichukue nafasi ya kuonana ana kwa ana. Iongeze nafasi za kuonana pale zinapohitajika.

Je, sisi tunaweza? Naamini tunaweza, kwa sababu msingi upo. Katika miaka ya 2000, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kufanya mpango ulioitwa Step by Step, ambao Dakta Abbas niliyemtaja na wenzake wa India walikuwa mstari wa mbele. Daktari na muuguzi kutoka kituo kimoja walifundishwa pamoja, wakarudi pamoja, kila mmoja akijua kazi ya mwenzake. Wakafundishwa kukagua, kuchonga sugu, kuondoa nyama iliyokufa, na kumfundisha mgonjwa. Huo ni utaalamu uliokwisha kuwa na wenyewe hapa hapa.

Kenya nayo, Septemba 2023, ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao laki moja, vikiwemo simu na kipimo cha sukari. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Fikiria, msikilizaji. Mtu anayeingia nyumbani kwako na kipimo cha sukari na simu tayari ameshavuka mlango. Kinachobaki ni kumwambia mwenye nyumba, "Mama, naomba tuvue na viatu." Vidole sita vinaguswa kwa dakika moja, picha zinapigwa, zinatumwa. Zinatumwa kwa nani? Hapo ndipo mnyororo unapokatikia.

Maana ninayoyasikia kwa wagonjwa ni haya. Mtu anapewa tarehe ya miezi mitatu ijayo. Baada ya wiki mbili anaona lengelenge kidoleni. Namba ya kliniki hana. Akienda siku isiyo ya kliniki anaambiwa arudi Jumanne. Anaenda duka la dawa, anapewa vidonge vya rangi mbili na unga wa kunyunyizia. Jirani anamshauri majani. Jumanne ikifika nauli haipo. Anapopokelewa, mguu umevimba hadi gotini na harufu imemtangulia. Hapo daktari wa upasuaji hana chaguo jingine. Mguu huo ungeokolewa na simu moja ya dakika mbili, siku ya lengelenge.

Kwa hiyo nayaomba mambo haya kwa wanaohusika na afya, kuanzia wizara hadi mganga mfawidhi wa kituo.

Kila kliniki ya kisukari iwe na namba moja ya miguu. Iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kadi ya mgonjwa. Isiwe namba binafsi ya muuguzi, kwa sababu akihamishwa namba huondoka naye. Iwe simu ya kituo, inayokabidhiwa zamu kwa zamu. Muuguzi wa zamu atengewe muda wa kuitazama, na muda huo uhesabike kuwa kazi, usiwe hisani anayoifanya usiku kwa bando lake mwenyewe. Apewe pia mamlaka ya kumwingiza mgonjwa kliniki ndani ya siku moja bila foleni ya kadi. Mwenye kiswaswadu, yaani simu ndogo isiyotuma picha, asiachwe: abipu, kituo kimpigie. Kubipu sote tunakujua, hakuhitaji mafunzo.

Picha nazo zilindwe. Mguu wa mtu ni mwili wake. Si haki picha yake izunguke kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na jina na kijiji chake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania tangu 2022. Mgonjwa aulizwe, akubali, na aelezwe nani ataiona.

Na sisi nyumbani tuna wajibu wetu. Kagueni miguu kila siku kwa macho na mkono, picha iwe ya kila wiki. Anayeswali ana nafasi nzuri zaidi ya wote: kila anapotia udhu mguu uko mkononi mwake. Atazame wakati wa kuuosha, apapase kati ya vidole, kisha akaushe vizuri kwa kitambaa, kwa maana unyevu ukibaki hapo ndipo ngozi inapochanika. Kabla ya kuvaa kiatu, kigeuze ukikung'ute, upitishe mkono ndani. Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Usikate sugu kwa wembe. Usiloweke miguu kwenye maji ya moto. Ukilala, chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro kote, na chakula kisilale chumbani, ili panya asivutwe.

Kisha kuna dalili ambazo hazingoji picha wala majibu. Mguu uliovimba ghafla na kuwa na moto upande mmoja, hata kama hauumi na hauna kidonda. Usaha au harufu. Kidole kilichobadilika kuwa cheusi. Kidonda kinachoambatana na homa au kutetemeka. Mguu uliopoa kama maji ya mtungi na kupauka. Ukiona mojawapo, usitume picha ukakaa kungoja. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na usitembee kwa mguu huo kama unaweza kupata chombo.

Msikilizaji, kuna watu wengi wenye nia njema wanaotengeneza programu za afya, na nawaombea heri. Kipimo changu kwa kila mmoja wao ni kile kile: picha hii inamfikia nani, na huyo anaweza kufanya nini kabla ya kesho kutwa? Mwenye jibu la wazi tumuunge mkono, hata kama anatumia simu ya kawaida na daftari. Asiye na jibu arudi akalitafute kwanza.

Nawe mwenye kisukari, au unayemlea mwenye kisukari, siku yako ya kliniki ikifika, usitoke na dawa tu. Muulize muuguzi mbele ya wenzako wote waliokaa kwenye benchi: "Nikiona kitu mguuni Jumamosi usiku, nimpigie nani?" Akikupa namba, iandike kwenye kadi na umpe kila mtu nyumbani. Akikosa la kukujibu, mpelekee swali hilo mganga mfawidhi, kisha kamati ya afya ya kituo, kisha diwani wako. Wakiuliza wagonjwa kumi kwa mwezi mmoja, namba hiyo itapatikana.